Dada Yangu Nerida na Stesheni ya Flinders

Watu wakinisikia nikimsema shemeji yangu Clive Trembath hudhani namchukia. Simchukii hata kidogo. Mtu aliyenikatia mguu mzuri wa kondoo kila Jumamosi tangu amwoe dada yangu, namchukiaje? Ila kuna jambo moja limenikaa rohoni, na wala silisemi kwa siri. Hata yeye mwenyewe nimeshamwambia, mezani kwake, huku nakula chakula chake.

Clive alikuwa na bucha kule Yarraville, mtaa mmoja wa Melbourne, karibu na reli. Jitu la miraba minne, mashavu mekundu, vidole vinene kama soseji alizokuwa akiuza. Ukimwona anapasua mbavu za ng'ombe usingeamini kwamba mikono ile ile, bucha ikishafungwa, inaingia gereji na kukata fremu za madirisha madogo kuliko punje ya mchele. Alikuwa anajenga mfano mdogo wa stesheni ya Flinders, ile stesheni kubwa ya treni katikati ya mji. Yote: kuba lake, ngazi zake, majukwaa yake, nyaya za umeme juu ya reli, vibanda vya magazeti, mpaka maji ya mto Yarra pembeni, ambayo aliyatengeneza kwa gundi na rangi ya kahawia hadi nyumba nzima ikanuka na mbwa akakataa kuingia ndani. Behewa moja lilikuwa na urefu wa shibiri. Sasa wewe fikiria stesheni nzima ilikuwa na ukubwa gani.

Mbona Flinders? Kwa sababu hapo ndipo walipokutana, chini ya zile saa za mlangoni, kama nusu ya watu wa Melbourne walivyokutana na wenzao. Clive akaamua stesheni yake itakuwa ya mwaka ule ule, na kwamba kitu chochote kilichokuja baada ya hapo hakitakanyaga. Treni nyekundu kuukuu ruksa. Treni za buluu ruksa. Ukimwambia weka tangazo fulani ulilolikumbuka, anakwenda maktaba kuhakikisha kama lilikuwapo. Dada yangu ndiye aliyepaka rangi watu wote wa kwenye majukwaa, kwenye meza ya jikoni, kwa brashi yenye unywele mmoja.

"Neri, nisogezee hiyo taa," Clive angesema.

"Sogeza mwenyewe. Huoni nimemshika mtu shingo?"

Walikuwa wanacheka sana wale wawili. Nisije nikasema mabaya tu ukadhani ndoa ilikuwa ya machozi.

Shida ilikuwa gereji. Ilikuwa ndogo. Stesheni ilijengwa kwa vipande, kila kipande juu ya meza yake ya miguu ya kukunja, na gereji haikuweza kubeba hata nusu yake. Vingine vilisimamishwa ukutani, vimefunikwa mashuka. Kwa hiyo stesheni nzima ilionekana mara moja tu kwa mwaka, wikendi ndefu ya Juni, kwenye maonyesho ya vilabu vya treni ndogo. Tulikodi ukumbi wa manispaa, baridi inapenya mpaka kwenye mifupa, tukaviunga vipande, Clive akawasha taa, treni zikaanza kutembea. Mimi nilikuwa mpika chai wa klabu, kwa hiyo usiniambie habari za maonyesho. Nimeyaona yote.

Sasa, treni haitoki hewani. Mgeni aliyesimama nje ya kamba anaiona ile nyekundu inaingia kutoka Sandringham, inasimama, inaondoka zake. Haoni kwamba nyuma ya ubao ule uliochorwa anga na majengo ya mji kuna reli nyingine nyingi, treni zimepanga foleni, na kuna mtu amekaa. Mtu huyo ndiye anayepokea treni ikishapotea machoni pa watu. Anaigeuza kwa mkono, anaitengeneza, anairudisha tena kwa zamu yake. Klabuni tulipaita uani. Na mtu wa uani wa stesheni ya Flinders alikuwa dada yangu, juu ya kopo la rangi lililofunikwa mto.

Mbele, kwenye swichi, alisimama Clive. Shati limepigwa pasi, beji ya klabu kifuani, anawaeleza watu, anapongezwa, anapigwa picha.

Mtu ataniuliza, kwani Nerida hakuzunguka siku moja akaangalia? Alizunguka. Wakati wa chakula cha mchana, treni zimesimama, taa zimezimwa ili mitambo ipoe, ubao wa nyuma umefunikwa shuka lake la vumbi. Aliiona stesheni kama unavyoona duka lililofungwa. Stesheni inayotembea, jioni imewaka, treni zinapishana na watu wake mwenyewe aliowapaka rangi wanazisubiri, hiyo hakuwahi kuiona, kwa sababu ikitembea ni yeye anayeitembeza.

Na ni kitu kimoja hicho tu alichokitaka. Kila mwaka tukifunga vyombo garini alisema, kwa ile sauti yake nyepesi, "Mwakani na mimi nitakuja kama mgeni. Nitavaa kofia. Nitasimama kwenye kamba nile pai yangu, nimwangalie Bwana Trembath anavyojidai."

"Mwakani, Neri," Clive alijibu. "Mwakani bila shaka."

Kumtetea kidogo: aliwahi kumwachia mtu mwingine uani. Rex Haddow, mwenye duka la ndege na sungura, mwanachama mwenzake. Ilikuwa miaka ya mwanzo mwanzo. Nerida alikuwa na homa, amebaki nyumbani. Rex akakaa uani, asubuhi ile ile akapeleka treni ya ng'ombe moja kwa moja kwenye jukwaa la abiria, saa ya watu kwenda kazini. Mabehewa ya mifugo yakasimama mbele ya makarani wenye kofia na mikoba. Mzee mmoja aliyefanya kazi reli maisha yake yote alikuwa pale kwenye kamba. Akacheka mpaka akashika nguzo. Akamwambia Clive, "Bwana, hao ng'ombe wanakwenda ofisi gani?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mtu mwingine angecheka naye. Clive hakucheka. Alikuja jikoni kwangu, uso umemwiva, akaniambia, "Shemeji, hakuna mtu mwingine atakayekaa uani isipokuwa Neri. Nimekoma." Akatimiza neno lake, mjinga yule.

Wenye treni ndogo ndivyo walivyo. Mtu anaweza kusahau siku ya kuzaliwa ya mama yake, lakini treni ya mizigo ikiingia jukwaa lisilo lake, hapati usingizi.

Mimi nilimwambia. Nilimwambia wazi, mwaka ule Nerida alipoanza kupata mvi. "Clive, si ukae wewe uani saa moja, Rex ashike swichi, dada aje mbele aangalie?"

Akanitazama kama nimemwambia auze samaki kwenye bucha yake. "Rex kwenye swichi? Halafu nani awaeleze watu?"

"Watu wana macho. Watajionea."

"Mwakani, shemeji. Mwaka huu kuna watu wametoka Adelaide."

Mwaka mwingine walitoka Sydney. Mwaka mwingine kulikuwa na jarida. Kila mwaka alikuwapo mtu wa kutoka mbali aliyestahili kuiona stesheni kuliko mwanamke aliyesaidia kuijenga. Nilikasirika. Nerida akanituliza huku anapanguza vikombe. "Mwache, Glenys. Ni siku zake tatu za mwaka. Siku zilizobaki anakata nyama."

"Na zako ni zipi?"

"Zangu zinakuja," akasema.

Nilianza kuona mambo alipokuja kwangu siku moja kula chakula cha mchana. Aliingia barazani, akasema, "Aa, Glenys, umesimama hapo kwenye baridi kwa nini?" Mimi nilikuwa jikoni. Alikuwa anasalimia koti langu kwenye msumari. Tukacheka. Halafu nikamwangalia akikata maharage mabichi, nikaona anayakata kwa kupapasa, uso ameugeuza pembeni kama anayesikiliza redio.

"Dada, unaona?"

"Naona."

"Hiki ni nini?" Nikanyoosha mkono.

"Ni mkono, mpumbavu wewe."

"Nimeshika nini?"

Akageuza uso tena pembeni. Nilikuwa nimeshika kijiko kikubwa tu cha mbao. Akaweka kisu chini, akaanza kulia taratibu bila sauti, akisema nisimwambie Clive, maonyesho yamekaribia.

Bila shaka nilimwambia. Jioni ile ile nilikwenda bucha, nikamkuta anasafisha meza. Tukampeleka kwa daktari wa macho sote watatu. Daktari, mama mmoja mpole, alieleza kwamba katikati ya jicho ndipo palipoharibika. Pembeni pamebaki. Atauona ukingo wa kitu, lakini akikitazama kitu chenyewe kinapotea. Na kilichokwisha kwenda hakitarudi.

"Hali hii ina muda gani?" Clive akauliza.

"Kwa ninavyoona, miaka kadhaa."

"Haiwezekani," Clive akasema. "Daktari, haiwezekani. Mwaka jana treni zilitoka sawasawa. Zote."

Daktari hakujua anazungumzia treni gani. Nerida alijua. Akasema polepole, "Najua paa la kila injini kwa kidole, Clive. Ya buluu ina kovu pale ulipoiangusha. Sihitaji kuziona."

Sijawahi kumwona mwanamume akiishiwa nguvu namna ile. Alikaa kwenye kiti cha daktari, ile mikono mikubwa kwenye magoti, akirudia, "Zilitoka sawasawa." Kumbe hapo ndipo alipokuwa akimwangalia mkewe miaka yote ile. Treni zikitoka vizuri, basi Nerida ni mzima.

Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine. "Mwaka huu Neri anakaa mbele," akatangaza klabuni, na hakuna aliyethubutu kumtania. Akachukua wanaume watatu, Rex akiwa mmoja wao, akawafundisha kazi ya uani aliyokuwa akiifanya mwanamke mmoja. Kila Jumapili walikuwa gerejini wakigombana. Akaongeza taa za stesheni, zikawa kali zaidi, ili Nerida azione. Akanunua kiti cha kukunja chenye mgongo. Alinijia kuniomba nimtafutie dada kofia.

"Kofia gani?"

"Alisema atavaa kofia. Wewe si umesikia? Kila mwaka alisema."

Kwa hiyo alikuwa anasikia. Hilo lilinikera kuliko yote. Lakini kofia niliitafuta, ya sufu, rangi ya divai.

Ikafika wikendi ya Juni. Niliacha birika zangu kwa mtu mwingine nikaja kusimama. Clive alimshika Nerida mkono akampitisha katikati ya watu, "Samahani, samahani, mpisheni mke wangu," akamweka kwenye kiti katikati kabisa ya kamba, mahali ambapo watu wa Adelaide na Sydney walikuwa wakisimama. Akamletea pai ya nyama, imefungwa kwenye karatasi. Akarudi kwenye swichi. Akawasha taa.

Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Madirisha yote ya stesheni yakawaka, na lami ya barabara aliipaka kitu ikang'aa kama mvua imetoka kunyesha. Treni nyekundu ikaingia. Ya buluu ikatoka. Watu wakasema "Aaa" kwa pamoja.

"Ya Sandringham hiyo, Neri," Clive akasema kwa sauti kubwa, watu wote wakisikia, naye hajali. "Inaingia upande wako wa kulia. Umeiona? Na pale kwenye jukwaa la kwanza, yule mama uliyempaka rangi, mwenye mtoto mgongoni. Umemwona?"

Nerida aligeuza uso kushoto. Akaugeuza kulia. Akainamisha kichwa kama daktari alivyomfundisha, akijaribu kukamata kitu kwa pembe ya jicho. Pai ilikuwa inapoa mkononi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na nilimwombea, mimi nisiyekwenda kanisani, nilimwombea angalau taa moja.

"Naona buluu," akasema mwishowe.

"Treni ya buluu! Ndiyo, ndiyo hiyo inatoka."

"Sio treni. Juu. Kubwa." Akanyoosha mkono. "Hiyo buluu yote ni nini?"

Clive akatazama alikoonyesha. "Ni anga, Neri. Ubao. Anga niliyoichora."

"Ule ubao wangu?"

"Ndiyo."

"Kumbe upande huu una anga," dada yangu akasema. Hakusema kwa uchungu. Alishangaa tu. "Upande wangu ni mbao na misumari. Sikujua kama umeupaka rangi."

Clive aliachia swichi. Treni zikasimama pale zilipokuwa. Mtu mmoja kwenye kamba akauliza kama umeme umekatika, na nilimgeukia kwa jicho ambalo lilimfanya ahamie kwenye treni za milimani za klabu nyingine. Clive alizunguka, akapiga magoti mbele ya kiti, jitu lile zima, beji kifuani.

"Nisamehe," akamwambia. "Neri, nisamehe."

"Inuka, watu wanatazama."

"Na watazame."

"Nimekusamehe zamani, Clive. Sasa nirudishe uani." Akampa ile pai. "Rex anachanganya mambo huko. Treni ya Frankston imechelewa, na hapa sioni kitu. Kule ninazijua."

Alimrudisha. Rex na wenzake walitoka nyuma ya ubao, vichwa chini. Nerida akakaa kwenye kopo lake la rangi, akapapasa mapaa ya injini moja moja, akazipanga upya. Lakini mbele hakukuwa na mtu wa swichi, kwa sababu Clive hakurudi. Alikaa chini sakafuni, karibu na magoti ya mkewe, akitazama ule ubao. Ni kweli. Mbao tupu, misumari, na alama za penseli za fundi. Alikuwa hajawahi kukaa pale hata siku moja. Mwishowe Rex akaenda kushika swichi, na mambo yakaenda. Vibaya kidogo, lakini yakaenda, na watu wakapiga makofi vile vile.

Tangu hapo Clive hakusimama mbele tena. Kila Juni, hadi dada yangu alipofariki, alikaa uani naye, akimpokeza injini, akimmiminia chai ya chupa. Klabuni humsifu hadi leo. Wanasema ni mfano wa mume. Siku ya mazishi watu wanne walinijia mmoja mmoja kuniambia dada yangu alipendwa, mumewe alikaa naye mpaka mwisho, ni wangapi wanaopata hilo.

Mimi niliitikia tu. Baadaye tulibaki mimi na Clive jikoni kwake, nikiosha sahani za wageni na yeye akifuta. Nikaona nimtulize, maana alikuwa amedhoofu. Nikamwambia, "Walau ulikaa naye, shemeji. Miaka yote ile ya mwisho ulikaa naye."

Aliendelea kufuta sahani moja, ilikuwa imekwisha kukauka.

"Hakuhitaji mtu wa kukaa naye, Glenys," akasema. "Uani alipamudu peke yake. Alihitaji dakika kumi za mbele, wakati macho yapo. Dakika kumi tu. Na nilikuwa nazo."

Nikampokonya ile sahani, nikampa nyingine.